Pampu tatu kwa miezi minne: kisa cha mwosha mapaa wa Tegeta

Septemba mwanzoni, asubuhi, kijana mmoja alishuka kwenye Kirikuu mbele ya karakana yangu akiwa na mfuko wa salfeti. Akaniamkia, akaufungua mfuko, akaumimina mezani. Zilikuwa pampu tatu za volti 12, zote zimekufa. Ya kwanza ilikuwa imedumu wiki tano, ya pili karibu miezi miwili, ya tatu siku kumi na tisa tu. Na hiyo ya tatu ndiyo aliyoinunua ghali kuliko zote.

"Fundi, naomba unichagulie ya nne," akasema.

Nikamwambia sitamchagulia kitu kabla sijajua kila moja ilikufa na nini. Hakupenda, maana alikuwa na paa la kuosha Jumatatu. Lakini alikubali, akavuta stuli, tukaanza kufungua. Ameniruhusu kukieleza kisa chake kwa sababu wanaoniletea swali kama lake ni wengi, na wote huanza palepale: pampu ipi ni nzuri?

Kazi yake ni kuosha mapaa ya Mbezi Beach, Tegeta, Boko mpaka Bunju, hapa Dar es Salaam, nyumba za vigae vya saruji ambavyo vilipoezekwa vilikuwa vyekundu na baada ya masika kadhaa vimekuwa vyeusi. Wenye nyumba wengi hudhani ni vumbi au moshi. Weusi ule una uhai. Ni mwani, kuvu na bakteria wanaojipikia chakula kwa jua, tena hujivika ganda jeusi ili jua hilohilo lisiwaunguze. Marekani, ambako kuosha mapaa kumekuwa biashara kubwa, michirizi ya namna hiyo kwenye mapaa ya lami husababishwa zaidi na kiumbe aitwaye Gloeocapsa magma. Chama cha watengenezaji wa mapaa hayo, ARMA, kinakataza mashine ya presha. Kinashauri klorini ya kufulia na maji, nusu kwa nusu, ikae dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa maji ya presha ndogo.

Kijana wangu naye alikuwa ameanza na mashine ya presha, ile ya kuoshea magari. Vigae viling'aa, lakini mashine iliondoka na rangi pamoja na ile ngozi laini ya juu, na kigae kilichochubuka hushika unyevu na kuota weusi upesi zaidi. Mwenye nyumba alimpigia simu ya lawama baada ya mvua za vuli. Akaacha mashine, akahamia kwenye dawa.

Dawa yenyewe ni hipokloriti ya sodiamu, ileile iliyomo ndani ya jiki. Jiki ya dukani huwa na asilimia 3.5 hivi, na madumu anayonunua yeye huandikwa asilimia 12. Anachanganya dumu moja la dawa na madumu matatu ya maji, anapata asilimia 3, anainyunyiza juu ya kigae kikavu na kuiacha ifanye kazi. Hapo presha haina kazi. Kinachotakiwa ni dawa ya kutosha kufika mgongoni mwa paa ikiwa nyingi, si ukungu unaochukuliwa na upepo wa kusi kwenda kwenye maua ya jirani.

Pampu ya kwanza niliielewa kabla sijamaliza kuifungua. Ilikuwa pampu ya kupulizia mazao, ameinunua Kariakoo, na si pampu mbaya. Mpira wake wa ndani ni NBR, mpira uliotengenezwa uvumilie mafuta na dizeli. Klorini huuharibu. Valvu zake, ambazo zikiwa mpya ni laini kama ncha ya sikio, zilikuwa zimekauka na kupasuka kingo. Niliikunja moja kwa kidole ikavunjika kama ganda la karanga. Lebo ya pampu hiyo ilitaja volti, ampea, PSI (kipimo cha presha) na lita kwa dakika. Kuhusu mpira haikusema neno.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji wa pampu ya kazi hii ni hili: valvu, diaframu (ule utando unaosukuma dawa) na oringi (pete za kuzuia kuvuja) ni mpira gani? Viton, EPDM na Santoprene huvumilia klorini kwa kiasi tunachotumia. Muuzaji asipojua na karatasi ya pampu isiposema, ichukulie ni NBR na urudishe pesa mfukoni. Swali la pili ni chuma gani kinaguswa na dawa: springi za valvu, skrubu, viungio. Brasi hugeuka kijani, alumini hutafunwa, stenlesi ya kawaida huota vishimo. PVC, polipropilini na plastiki nzito ya madumu hukaa bila shida. Nailoni, ambayo viungio vingi vya bei nafuu vimetengenezwa nayo, huchoka na kupasuka bila kukuarifu.

Pampu ya pili ilinichukua muda zaidi, na ilinisikitisha zaidi, kwa sababu ilikuwa haijafa.

Safari hiyo alikuwa ameshauriwa vizuri: diaframu ya Santoprene, valvu za EPDM, lita 19 kwa dakika, PSI 60. Niliifungua kichwa, mpira mzima, hauna doa. Nikaiunga kwenye betri ya benchi, kimya. Nikairuka swichi ya presha kwa kipande cha waya, na mota ikazunguka kama siku iliyotoka dukani. Kijana aliinuka kwenye stuli. Tulipoifungua swichi tulikuta zile ncha mbili zinazogusana zimeungua, zimekuwa nyeusi kama kijiti cha kiberiti. Kifaa kidogo cha kukaa kwenye kifundo cha kidole ndicho kilichomfanya anunue pampu ya tatu.

Nikamuuliza ilikuwa inalia vipi ikiwa kazini. Akaigiza kwa ulimi: ta-ta-ta-ta-ta. Mlio huo mtu yeyote mwenye pampu hizi aufahamu. Swichi hukata umeme presha ikifika PSI 60 na kuurudisha ikishuka. Nozeli ikiwa ndogo kuliko uwezo wa pampu, dawa haitoki kwa kasi inayoingia, presha inapanda, swichi inakata, presha inashuka mara moja, swichi inarudisha, na hivyo hivyo mamia ya mara kwa saa. Kila mara inapokata, cheche huruka kati ya ncha mbili, na kwa pampu hii ni ampea 18 hivi zinazokatwa. Alikuwa ameweka nozeli ndogo kwa makusudi ili dawa irushwe mbali. Ilirushwa mbali kidogo, na swichi ikalipa.

Lakini nilikuwa na shaka nyingine. Nikamwomba anipeleke kwenye kazi nione mtambo mzima, maana pampu mezani haikuelezi yaliyoipata huko ilikokuwa.

Tulikwenda Boko, nyumba ya ghorofa moja, paa lenye mgongo kama mita 8 kutoka chini. Tulifunga ile pampu ya pili bila swichi, nikachukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Pale pale kwenye gari, bila mpira mrefu, ndoo ilijaa kwa dakika 1 na sekunde 5. Hiyo ni kama lita 18 na nusu kwa dakika, karibu sawa na lebo. Kisha nikamtuma msaidizi wake juu ya ngazi na ndoo ileile, safari hii kupitia mpira wote wa kazi. Ilichukua dakika 2 na sekunde 40. Pampu ya lita 19 ilikuwa inatoa lita saba na nusu pale ambapo kazi inafanyika.

Zilizobaki zilikuwa zinaliwa na nini? Kimo cha mita 8 kinakula kama bar 0.8, na hicho hakikwepeki, kwani kila mita 10 za kimo ni bar 1. Mpira wake ulikuwa mita 50 za nusu inchi. Kwa lita 15 kwa dakika, mpira wa urefu na upana huo unameza karibu bar 2 kwa msuguano peke yake, na pampu nzima ina bar 4 tu, ndizo zile PSI 60. Mpira wa robo tatu ya inchi, kwa urefu uleule na dawa ileile, haumezi hata theluthi ya bar 1. Tofauti ya upana unaiona ndogo kwa jicho, lakini kwenye msuguano ni kama mara saba.

Kisha nikaweka testa kwenye temino, pampu ikiwa inafanya kazi. Kwenye betri volti 12.4. Kwenye pampu volti 10.6. Volti karibu 2 zilikuwa zinapotea njiani, kwenye waya wa milimita 2.5 uliotembea mita 6 kwenda na 6 kurudi, na kwenye temino moja iliyokuwa ya moto kiasi kwamba kijana aliigusa akaondoa mkono. Mota ya volti 12 ukiipa 10.6 inazunguka polepole, na umeme unaopotea unageuka joto kwenye viungio. Kumbe alikuwa amenunua nguvu ya kutosha mara tatu, na mara tatu ameiacha njiani kati ya betri na mgongo wa paa.

Tuje kwenye pampu ya tatu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa pampu sahihi. Valvu za Viton, diaframu ya Santoprene, kichwa cha polipropilini, swichi imara. Ningeombwa kuchagua, huenda ningechagua hiyo. Ikafa kwa siku kumi na tisa.

Nilipofungua kichwa nilikuta unga mweupe kila kona, na kwenye kiti cha valvu moja, chembe ya chumvi ngumu kama punje ya mchele imeinua mpira usifunge. Dawa hii ina chumvi na magadi makali ndani yake. Maji yakikauka, hivyo viwili havikauki pamoja nayo, hubaki vimeganda. Kuna jambo la ziada kwa eneo lake. Kule Wazo, Boko na Tegeta ardhi ina mwamba wa chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko pale. Maji ya visima vingi vya kule ni mazito, mengine ya chumvi. Kijana alikuwa anachanganyia dawa maji ya kisima, na aliniambia mwenyewe kwamba mchanganyiko ulikuwa unageuka kama maziwa mepesi na yeye alidhani ndiyo ukali wa dawa. Ile ni chokaa inayojitenga kwa sababu ya ule ukali wa magadi, na huenda kukaa kwenye chujio, kwenye valvu na kwenye nozeli.

Nikamuuliza: ukimaliza kazi jioni, unafanya nini? Akajibu bila kuficha. Dawa ikibaki kwenye tenki aliiacha ya kesho. Alifunga koki zote mbili ili isivuje, akafunika boksi la pampu, akaegesha gari. Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi, pampu ililala na dawa ndani, imefungwa mbele na nyuma, juani. Klorini ya maji haikai kimya ikifungiwa. Inaachia gesi polepole, zaidi kukiwa na joto, presha inajijenga kwenye nafasi ndogo, na dawa inatafuta pa kutokea. Ilitokea kwenye klipu ya mpira wa kuingizia, klipu ya chuma ambayo skrubu yake ilikuwa imeliwa na kutu. Na kwa vile pampu ilisimamishwa kichwa kikiwa juu na mota chini, kila tone liliteremkia kwenye mota. Beringi ya mbele ilikuwa kutu tupu. Burashi za mota zilikuwa na ukoga wa kijani. Hata waya zilizokuwa mbali na tone zilikuwa zimeanza kuliwa na mvuke, kwa sababu ndani ya boksi lilelile lisilo na tundu alikuwa anahifadhi dumu la dawa kali.

Pampu hii haikuuawa na kazi. Iliharibiwa usiku na siku za mapumziko, wakati mwenyewe amelala.

Na siku ya kumi na nane, pampu ilipoanza kulegea, mtu alimshauri aifungue chumvi kwa asidi. Akachukua dawa ya kusafishia choo, ile yenye asidi, akaimwaga kwenye ndoo, akawasha pampu iivute. Ndani ya pampu na mpira klorini ilikuwa bado imo. Asidi ikikutana na klorini ya maji hutoa gesi ya klorini, gesi ambayo iliwahi kutumika vitani kuua watu. Alikuwa nje, upepo ulikuwepo, akakimbia akikohoa huku macho yanamtoka machozi, na kifua kilimuuma siku mbili. Aliponisimulia hilo aliongea haraka kama jambo la pembeni, nami nikamsimamisha nikamfanya alirudie polepole. Angekuwa ndani ya gereji iliyofungwa, mfuko ule wa salfeti angeuleta mtu mwingine. Tafadhali, yeyote anayesoma: siki, maji ya betri, dawa ya choo, chochote kichachu kisigusane na dawa hii, wala amonia. Hata kwa tone. Pampu suuza kwa maji, na maji yanatosha.

Baada ya hapo swali la pampu ya nne lilibadilika. Tulizipitia aina nyingine kwa haki. Pampu ya mgongoni ya lita 16 inafaa nyumba ya chini, ila kumpandisha mtu kwenye kigae chenye utelezi akiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 16 unaocheza mgongoni ni jambo nisiloweza kulishauri. Pampu ya petroli ya wakulima wa nyanya ina nguvu kupita mahitaji, na ndani yake imejaa brasi. Pampu ya nyumbani ya umeme wa TANESCO ina panga la chuma au brasi, halafu umeme wa volti 230 na maji ya chumvi juu ya ngazi ni mauti. Iko pampu ya diaframu mbili inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Ni nzuri kweli, haina mota ya kuliwa na haina swichi ya kuungua, dawa ikizuiwa mbele inasimama yenyewe. Ila kompresa ya kuilisha haikai kwenye Kirikuu pamoja na tenki la lita 500 na watu wawili. Akija kupata gari kubwa tutaongea.

Tukabaki na diaframu ya volti 12. Na pampu ya nne hakuinunua siku ile. Nilimfufulia ya pili kwa swichi mpya na seti mpya ya valvu, vitu ambavyo vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya pampu. Zile pesa alizokuja nazo tukazigawa kwenye vitu vinavyoizunguka.

Waya tuliweka wa milimita 10, fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, na rilei, ili swichi ya presha ibebe umeme mdogo wa kuamsha rilei tu na ule mzito upite kwingine. Kwa hatua hiyo moja cheche zile hazimhusu tena. Betri ya N70 tuliyopima ilikuwa nzima, ila nilimweleza kwamba kwa ampea 18 asitegemee zaidi ya saa mbili hivi za pampu kuzunguka mfululizo kabla ya kuichosha betri isivyofaa. Gari liwashwe kila wanapohama upande wa paa.

Mpira tulijadili kwa muda. Nilitaka wote uwe wa robo tatu, yeye akanikumbusha uzito: mita 50 za robo tatu hubeba lita 14 za dawa, na msaidizi ndiye anayeuvuta juu. Alikuwa na haki. Tukaweka mita 35 za robo tatu kutoka garini mpaka juu ya ngazi, kisha mita 15 za nusu inchi, nyepesi, za mkononi. Nozeli tukaipanua mpaka ule mlio wa ta-ta-ta ukakoma kabisa na pampu ikaimba sauti moja. Tulipopima tena kule Boko, ndoo ya juu ya ngazi ilijaa kwa dakika 1 na sekunde 28. Pampu ileile, umri uleule, na dawa inayofika paani imekaribia mara mbili.

Upande wa kunyonya ndio wenye makosa yasiyoonekana, kwa sababu pakivuja hapo dawa haitoki nje, hewa ndiyo inayoingia. Pampu inazunguka, haivuti, na mwenyewe anailaumu. Tulifupisha mpira wa kuvutia, tukaweka wenye ukuta mgumu usiobanana, klipu za plastiki, na chujio lenye bakuli la kuonekana ndani. Povu likionekana kwenye bakuli, kuna mahali panavuta hewa. Pampu yenyewe tuliilaza ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo ya mota, nje ya boksi la dawa.

Kilichobaki ni kusuuza, na hapa nilikuwa mkali kwake kuliko pengine popote. Wengi humimina ndoo moja ya maji, wakiona yanatoka nozelini wanaridhika. Piga hesabu ya mpira: mita 35 za robo tatu ni karibu lita 10, mita 15 za nusu inchi ni kama lita 2. Ndoo ya kwanza kazi yake ni kusukuma dawa itoke, haijaosha chochote. Kwa hiyo anabeba dumu la lita 60 la maji ya bomba ya DAWASA, ya kisima hapana, na hulitumia lote kila jioni, pampu ikizunguka na nozeli ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa ili valvu zipige. Maji hayo huyamwaga pale palipomwagiliwa tayari, si kwenye mizizi ya mti mmoja. Kisha anatoa chujio, analisugua, anaacha pampu izunguke sekunde chache ikiwa tupu, na anaacha koki zote wazi usiku. Dakika kumi hivi. Anachanganya dawa ya paa moja tu, na akikosea hesabu, iliyobaki hurudi kwenye dumu lenye kifuniko chenye tundu, kivulini.

Kivuli kinaigusa pampu moja kwa moja, ingawa haionekani hivyo. Dawa ya asilimia 12 hupungua nguvu yenyewe, na joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo huongezeka zaidi ya mara tatu. Dumu lililokaa mwezi mzima juani Januari si la asilimia 12 tena. Mwosha paa akiona weusi hautoki anapiga mkono wa pili na wa tatu, na pampu inafanya kazi mara tatu kwa malipo ya mara moja. Sasa anaandika tarehe kwenye kila dumu kwa kalamu ya wino mzito.

Na kabla ya yote hayo, nilimtaka aniahidi jambo lisilohusu mtambo. Nyumba nyingi za kule huvuna maji ya mvua. Mifereji ya paa iondolewe kwenye tenki kabla ya tone la kwanza la dawa, na mwenye nyumba aambiwe aache mvua ya kwanza iende zake ndipo airudishe. Maua yamwagiliwe maji mengi kabla na baada. Bati asilipige dawa ya nguvu ya vigae, kwani klorini hula kingo zilizokatwa na vichwa vya misumari.

Mwezi wa kumi na moja alinunua pampu nyingine, ya akiba. Aliniuliza achukue ipi, akiitamani tena ile ya Viton. Nilimshauri achukue pacha wa ile anayotumia. Pampu mbili za aina moja zinatumia seti moja ya valvu, swichi moja, viungio vilevile, na siku moja ikigoma juu ya paa la mtu anabadilisha kwa dakika tano badala ya kuanza kutafuta adapta Gerezani.

Kila Jumatatu, kabla ya kupakia ngazi, hupima ndoo na kuandika muda kwenye daftari lililoning'inia nyuma ya kiti cha dereva. Wiki nyingi inaandikwa 1:28, 1:30, 1:29. Machi mwanzoni alinitumia picha ya ukurasa: 1:31, 1:38, 1:52. Nilikuwa naandika jibu kwamba afungue kichwa aangalie valvu, ikaingia picha ya pili. Kichwa kilikuwa tayari kimefunguliwa juu ya gazeti, valvu kuukuu zimepangwa upande mmoja, mpya upande wa pili, na chini yake ameandika: "Nimefunga, shikamoo fundi. 1:27."